Chaja Ile Haiingii: Vidokezo 10 vya Kuchagua Programu ya Duka la Vipuri vya Kompyuta

Wauza vipuri vya kompyuta, kuanzia Kariakoo hadi Luthuli Avenue, wakianza kufikiria duka la mtandaoni huuliza maswali yale yale: tovuti itapendeza? Itakuwa na rangi gani? Itanigharimu kiasi gani? Ni maswali ya haki, ila mnunuzi hana habari nayo. Anayetafuta betri ya laptopu anataka kujua jambo moja tu: hii itaingia kwenye mashine yangu? Kiatu kisipomtosha mteja, atampa mdogo wake. RAM isiyoingia haimfai mtu yeyote nyumbani kwake. Itarudi dukani, na ikirudi imeshakula nauli ya bodaboda, faida yako na imani ya mteja.

Kwa hiyo vidokezo hivi vinaanzia rafuni. Programu inayokufaa ni ile inayojua kipi kinaingia wapi, na kipande gani kilikwenda kwa nani. Muonekano utakuja baadaye.

1. Chagua bidhaa zinazokusumbua, andika sifa zake kwanza

Kabla hujafungua tovuti ya programu yoyote, kaa na kijana wako wa dukani mkiwa na daftari. Chagueni bidhaa zinazorudishwa mara nyingi, kisha kwa kila moja andikeni maswali ambayo mteja lazima apate majibu yake kabla ya kulipa.

RAM: ni DDR3, DDR4 au DDR5? Ya laptopu au ya deskitopu? Gigabaiti ngapi, kasi gani? Kwa deskitopu, DDR4 na DDR5 zote zina pini 288, hivyo mteja anayeangalia picha haoni tofauti. Kilichobadilika ni mahali pa kile kipengo kidogo kwenye ukingo wa pini, na hicho ndicho kinachoizuia isiingie.

SSD za M.2: mbili zinaweza kuwa na umbo moja na urefu ule ule wa milimita 80, moja ikawa SATA na nyingine NVMe. Kuna laptopu nyingi ambazo nafasi yake inakubali aina moja tu.

Vioo vya laptopu: kusema "inchi 14" hakutoshi. Soketi ya waya ina pini 30 au 40? Kina masikio ya skrubu pembeni au hakina? Ni cha kugusa?

Mazabodi: soketi ya LGA 1700 inapokea prosesa za Intel za kizazi cha 12, 13 na 14, lakini bodi moja ya soketi hiyo inataka DDR4 na jirani yake kwenye rafu inataka DDR5. Upande wa AMD, AM4 ni ya DDR4, na AM5 iliyotoka mwaka 2022 ni ya DDR5 peke yake.

Chaja za HP: EliteBook 840 G1 inatumia pini nene ya milimita 7.4, wakati 840 G3 inatumia nyembamba ya milimita 4.5. Kampuni ni ile ile, jina ni lile lile, na bado chaja haiingii.

Sasa chukua daftari lako uipime programu nalo. Je, inakuruhusu kuunda sehemu zako mwenyewe, kama "aina ya RAM", "idadi ya pini" na "soketi", na mteja akachuja bidhaa kwa kuzitumia? Au inakupa kisanduku kimoja cha maelezo ambamo utamwaga kila kitu kwa mkupuo? Ukikuta kisanduku kimoja tu, achana nayo hata kama ni ya bure. Sifa zilizorundikwa ndani ya aya moja hazichujiki, na mteja wa simu hana subira ya kuzisoma zote.

2. Mteja anajua jina la mashine, hajui jina la kipuri

Hili wauzaji wengi hulisahau kwa sababu wao wenyewe wamekwisha kukariri namba. Fundi atakuandikia "CS03XL". Mwenye mashine atakuandikia "betri ya EliteBook 840 G3". Wote wawili wanataka kitu kimoja, na duka lako liwafikishe wote kwenye ukurasa mmoja.

Betri hiyo ya CS03XL inaingia kwenye 840 G3 na 840 G4, na kwenye ndugu zao kadhaa kama 850 G3. Ukifika 840 G5, betri ni nyingine kabisa, SS03XL. Kwa hiyo unahitaji programu inayoweza kuunganisha kipuri kimoja na modeli nyingi, na modeli moja na vipuri vingi. Mteja akifungua ukurasa wa 840 G3 aone betri, chaja, kibodi, kioo na RAM zinazoingia humo, basi. Usikubali kulazimishwa kuunda bidhaa ile ile mara tano kwa majina matano, maana siku betri ya mwisho inapouzwa, kurasa nne zitaendelea kudanganya kuwa ipo.

Wamarekani wanaojiundia kompyuta wamezoea huduma hii kupitia PCPartPicker, tovuti inayokuonya ukichagua prosesa na bodi visivyoelewana. Huhitaji mtambo mkubwa kiasi hicho. Ukiwa na jedwali safi la modeli na vipuri, hata la mistari 200 uliyoijaza mwenyewe, utakuwa umewasaidia wateja kuliko mabango yote ya punguzo la bei.

Na jaribu kisanduku cha kutafutia. Andika namba ya kipuri. Andika "840g3" bila nafasi. Andika "elitbook" kwa makosa, kama wateja wanavyoandika. Kama majibu ni ukurasa mtupu, muulize mtengenezaji kama hilo linarekebishika, na kwa bei gani.

3. Kila kipande kiwe na kumbukumbu yake

Wauza nguo wanaweza kuridhika na hesabu ya "zimebaki 12". Wewe huwezi. SSD 12 zinazofanana zina namba 12 za seriali, na siku mteja anapokuletea iliyokufa ni lazima ujue kama ndiyo ile uliyomuuzia. Hila ya kununua diski mpya na kurudisha ya zamani ndani ya boksi jipya inafahamika katika biashara hii, na dawa yake ni namba ya seriali iliyorekodiwa wakati wa mauzo na kuchapwa kwenye risiti.

Faida ya pili iko kwa msambazaji wako. Waranti ya kiwandani mara nyingi hufuata seriali, kwa hiyo ukijua kipande kilikuja na mzigo upi na lini, utadai haki yako kabla muda haujapita. Bila kumbukumbu hiyo, hasara ya kiwanda inakuwa hasara yako.

Uliza swali hili waziwazi: "Programu hii inafuatilia seriali yenyewe, au nitanunua nyongeza?" Majibu yanatofautiana sana, na nitayarudia kwenye kidokezo cha nane.

4. Malipo ya simu ndiyo mlango, yakague kwa makini

Kwenye eneo letu pesa inapita kwenye simu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na mwaka uliofuata ikaingia Tanzania, ambako leo inakaa pamoja na Airtel Money, HaloPesa na Mixx by Yas, iliyokuwa Tigo Pesa. Programu iliyotengenezwa kwa kuwaza kadi za benki inaweza kuwa nzuri kwa kila jambo na bado ikakushinda hapa.

Jambo la kwanza la kukagua: je, mteja anapobonyeza "lipa", simu yake inaletewa ombi la kuweka namba ya siri, au anaambiwa anakili namba ya till au Lipa Namba kisha aende kulipa kwingine? Kwa Kenya, Safaricom, wenye M-Pesa, waliwafungulia watengenezaji wa programu njia ya kutuma ombi hilo kwenye simu kupitia mfumo wao wa Daraja mwaka 2017. Kwa Tanzania, wengi hupitia kampuni za kukusanya malipo ambazo zinaunganisha mitandao yote kwa mkataba mmoja.

Jambo la pili, na ndilo linaloumiza zaidi: nini kinatokea pesa ikikatwa halafu taarifa isifike kwenye duka? Mtandao hukatika. Mteja ana ujumbe wa muamala mkononi, wakati duka linaandika "haijalipwa". Programu nzuri inarudi yenyewe kuuliza hali ya muamala, na inampa mhudumu wako mahali pa kuingiza namba ya muamala na kuihakiki. Ikiwa haina hayo, wahudumu wataanza kutoa mzigo kwa kuonyeshwa ujumbe wa simu, na ujumbe wa simu unaghushiwa.

La tatu ni ukubwa wa oda. Kenya, muamala mmoja wa M-Pesa hauzidi shilingi 250,000. Kompyuta ya michezo yenye kadi nzuri ya picha inaupita mpaka huo bila shida. Hakikisha oda moja inaweza kulipwa kwa awamu mbili, au kwa benki, bila duka kuihesabu kuwa imetelekezwa.

5. Kaunta na mtandao vitumie stoku moja

Kama una duka la kuingia kwa miguu, usinunue mfumo wa mtandaoni unaoishi peke yake. RAM ya mwisho itauzwa kaunta saa nne asubuhi na mtandaoni saa tano, na utampigia simu mtu aliyekwisha kulipa ili umwambie hakuna. Tafuta programu yenye sehemu ya mauzo ya kaunta ndani yake, au inayoelewana vizuri na ile unayotumia sasa.

Wakumbuke pia mafundi, na mawinga (madalali) wa Kariakoo. Wananunua mara nyingi kuliko mteja wa kawaida, nao wanatarajia bei ya jumla. Programu imwezeshe fundi kuingia kwa akaunti yake na kuona bei yake, mteja wa rejareja aone nyingine. Anayetaka kumi aone bei ya kumi bila kupiga simu.

6. Bei lazima zibadilike kwa wingi, na haraka

Mzigo unanunuliwa Dubai au Shenzhen kwa dola, unauzwa hapa kwa shilingi. Dola ikipanda, hutaki kufungua bidhaa 600 moja moja. Programu iwe na uwezo wa kubadili bei za kundi zima, au kukokotoa bei ya kuuzia kutokana na gharama ya dola, kodi na faida yako.

Kupanda kwa bei hakuletwi na dola tu. Mafuriko ya Thailand ya mwaka 2011 yalifunika viwanda vya diski, vikiwemo vya Western Digital, na ndani ya wiki chache bei za diski zikapaa dunia nzima. Muuzaji aliyechelewa kurekebisha bei aliuza stoku yake chini ya gharama ya kuijaza tena.

Na tafadhali, weka bei ukurasani. Ile desturi ya "bei njoo inbox" inamchosha mteja na inakujazia simu maswali ambayo duka lingeyajibu lenyewe.

7. Risiti isiwe kazi ya pili

Tanzania una mashine ya EFD, au risiti za kielektroniki zinazotolewa kwa programu. Kenya una eTIMS, mfumo wa ankara wa mamlaka ya mapato, KRA. Tangu Januari 2024, mfanyabiashara wa Kenya hawezi kudai gharama kwenye hesabu zake za kodi bila ankara ya eTIMS, isipokuwa kwa mambo machache yaliyosamehewa. Maana yake ni kwamba wateja wako wakubwa, yaani shule, ofisi na hoteli, wataidai. Uliza kama programu inaweza kuunganishwa na mfumo wa kodi wa nchi yako, nani anayeunganisha, na nani atakayeitengeneza ikikwama mwisho wa mwezi. Angalia pia kama kiwango cha VAT unaweza kukibadili mwenyewe.

8. Majina yenyewe, na maoni yangu

WooCommerce, iliyotoka mwaka 2011 na kununuliwa na Automattic mwaka 2015, inakaa juu ya WordPress. Yenyewe ni bure, mafundi wake wako tele Nairobi na Dar, na plagini za malipo ya simu zipo. Sifa za bidhaa unaziunda utakavyo. Udhaifu wake ni kwamba kila hitaji la ziada, seriali zikiwemo, linakuja na plagini nyingine, na plagini 30 kutoka kwa watengenezaji 30 huanza kugombana. Bure hiyo pia ina gharama zake: seva, domeini, na mtu wa kuitunza. Kwa duka la watu wawili au watatu lenye fundi wa uhakika wa tovuti, bado ndiyo ningeanza nayo.

Shopify ilizaliwa Kanada kutokana na duka la kuuza mbao za kuteleza kwenye theluji, na imebaki nyepesi kwa mtu asiye fundi. Seva na masasisho ni juu yao. Tatizo liko kwenye malipo: huduma yao wenyewe ya kupokea pesa, Shopify Payments, haipo Kenya wala Tanzania, na ukitumia kampuni nyingine wanakutoza ada ya ziada kwa kila mauzo, kama asilimia 2 kwenye mpango wa Basic. Kwenye vipuri, ambako faida ya RAM moja ni nyembamba, asilimia hizo si ndogo. Bili ya mwezi nayo ni ya dola. Uliza kwanza kama kampuni inayokukusanyia malipo inakubaliwa na Shopify kwa nchi yako, ndipo ujaribu mengine.

Odoo, ya Ubelgiji, ndiyo ninayoipendekeza kwa duka linalokua. Stoku, kaunta, manunuzi na duka la mtandaoni viko chini ya paa moja, na ufuatiliaji wa seriali umo ndani bila kununua plagini. Toleo la jamii ni huria na la bure, ingawa uhasibu kamili uko kwenye toleo la kulipia. Inataka uvumilivu mwanzoni, na inataka mtu anayeijua kweli. Ila muuzaji mwenye matawi mawili, mafundi wa mkopo na waranti za kufuatilia ataona thamani yake mapema.

Magento, ambayo Adobe iliinunua mwaka 2018, ina nguvu sana kwa bidhaa nyingi zenye sifa nyingi, lakini inakula seva na mafundi wake ni ghali. Bila timu ya ufundi, iache. PrestaShop na OpenCart zinafanya kazi, na kama tayari una mtu anayezijua vizuri hakuna sababu ya kuzikimbia. Kwa anayeanza leo, ugumu utakuwa kupata msaada wa karibu.

9. Usalama: uliza nani anasasisha, na lini

Newegg ni miongoni mwa maduka makubwa ya vipuri vya kompyuta Marekani. Mwaka 2018, wahalifu walipachika msimbo mfupi kwenye ukurasa wake wa malipo, ukakaa hapo kwa takriban mwezi mzima, kuanzia katikati ya Agosti hadi Septemba, ukinyonya namba za kadi za wateja. Miaka miwili baadaye, msaada wa Magento ya kwanza ulikoma Juni 2020. Septemba hiyo hiyo, maduka karibu 2,000 ya Magento yalivamiwa kwa siku chache, mengi yakiwa bado kwenye toleo hilo la zamani.

Kwa hiyo usimlipe mtu anayekujengea duka kisha anapotea. Mkataba useme nani anasasisha programu na plagini, mara ngapi, na nakala rudufu zinahifadhiwa wapi. Kadi za benki ziache zishughulikiwe kwenye ukurasa wa kampuni ya malipo, zisipite kwenye seva yako kabisa. Majina, simu na anwani za wateja nazo zina sheria: Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, Tanzania ina ya mwaka 2022.

Domeini isajiliwe kwa jina lako au la kampuni yako. Na kabla ya kusaini, omba uonyeshwe jinsi ya kutoa bidhaa, wateja na oda zote kwenye faili la kawaida la jedwali. Siku ukitaka kuhama, faili hilo ndilo duka lako.

10. Jaribu kwa bidhaa zile ngumu, kwenye simu ya kawaida

Programu nyingi hukupa muda wa majaribio. Usiutumie kuchagua rangi. Ingiza zile bidhaa za kwenye daftari: betri ya modeli nyingi, SSD mbili zinazofanana, mazabodi mbili za LGA 1700, na laptopu moja ya mtumba ambayo ni ya pekee, yenye mkwaruzo wake na hali yake ya betri, na picha zake yenyewe badala ya za kiwandani. Uza moja kaunta na moja mtandaoni. Rudisha moja kwa waranti. Tuma nyingine Mbeya au Kisumu, uone kama gharama ya kusafirisha kwa basi inaweza kupangwa kwa mkoa au kaunti bila kumdai mteja namba ya posta.

Kisha mpe fundi mmoja na mteja mmoja asiye fundi simu ya bei ya kawaida, yenye bando la kawaida na WiFi imezimwa. Mwambie kila mmoja atafute betri ya mashine aliyonayo hadi afike kwenye ukurasa wa kulipa. Usiwasaidie. Kaa pembeni na uandike kila mahali wanaposimama, wanaporudi nyuma, na wanapokimbilia kitufe cha WhatsApp kukuuliza "hii itaingia?" Orodha hiyo mpelekee muuzaji wa programu kabla hujalipa senti, na umtake ajibu mstari kwa mstari.